Toleo la Kumi na Saba

“Rangi mbaya,” alisema baba, kabla binti yake hata hajamaliza kuiweka kompyuta mpakato mezani.

Hilo lilikuwa toleo la kumi na saba. Binti alivuta pumzi, akahesabu mpaka tano, akakaa. Baba alikuwa fundi rangi miaka thelathini. Nusu ya nyumba za mtaa zilipita mikononi mwake, kwa hiyo huwezi kumletea kijani cha kubabaisha.

“Ni kijani kilekile cha zamani, baba. Nimekipima.”

Baba alimtazama, mkono wa kushoto ukiwa juu ya kipanya. Alichukua muda wake. “Rangi mbaya,” akarudia.

Ndivyo alivyokuwa siku hizi. Alikuwa na misemo yake ileile, na aliirudia bila kupandisha wala kushusha sauti, mpaka utamani kulia.

Programu yenyewe binti aliiandika akiwa bado chuoni, miaka tisa iliyopita, kwa haraka, kwenye kompyuta pekee iliyokuwapo nyumbani. Sasa kompyuta hiyo imezeeka. Inaunguruma kama mashine ya kusaga, inachukua dakika nne kuamka, na fundi aliyeifungua mara ya mwisho alitikisa kichwa. Vipuri vyake havitengenezwi tena, alisema. Siku itakayozima yenyewe, ndiyo imezima. Na programu ile ilikataa katakata kukaa kwenye mashine nyingine yoyote.

Kwa hiyo alikuwa anaiandika upya juu ya kiunzi huria, kazi ya watu wasiojuana, walioijenga na kuigawa bure. Watu hao wanaahidi kwamba ukiandika mara moja tu, programu itatembea kwenye kompyuta ya aina yoyote, hata kwenye simu. Ahadi nzuri. Kwenye mashine ya ofisini vitufe vyote mia mbili na kumi vilikaa kwenye mistari yake. Kwenye mpakato vilirundikana kona moja kama nguo kwenye beseni. Kwenye simu havikuonekana kabisa. Akirekebisha hapa, panaharibika pale. Vitufe vilipotulia, sauti nayo ikagoma kutoka. Miezi minane sasa, kila Jumamosi na Jumapili, na amechoka mpaka mifupa.

“Ina watumiaji wangapi?” wenzake wa kazini walimuuliza.

“Mmoja.”

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Naye alicheka kidogo, asionekane mnunaji.

Mama aliingia na chai. “Mwenzenu nina mke mwenza,” alisema, akilitupia jicho lile dubwasha la kompyuta ya zamani. “Miaka tisa mume wangu habanduki mbele yake. Nikimwita barazani apunge upepo, hataki.”

“Kelele,” alisema baba.

Jumamosi iliyofuata umeme ulikatika baba akiwa katikati ya karipio. Alinyamaza papo hapo, akamkazia binti macho kana kwamba ndiye aliyeukata. Uliporudi, mama aliiwasha mashine, ikaunguruma dakika zake nne, na baba akaanza karipio lake upya, tangu neno la kwanza. Binti alihisi kichwa kinampasuka.

“Si afadhali ife tu, nipumzike,” yakamtoka.

Mama aligeuka. “Umesemaje?”

“Sijasema kitu.”

Lakini baba alikuwa amesikia. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya, wala haukusogea, na mchana kutwa hakusema neno. Binti alitamani ardhi ipasuke. Aliosha vyombo vyote, hata visivyokuwa vichafu, kisha akaaga.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, dubwasha lilikohoa mara mbili na kioo chake kikawa cheusi. “Haya, en—” baba alikuwa ameanza kusema. Hakumalizia.

Binti alibonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, mara mbili, mara kumi. Alifungua kifuniko, akapuliza vumbi, akafunga. Mama alisimama mlangoni, mwiko mkononi. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma kuliko lawama yenyewe.

Nyumba ikawa kimya. Ndio utulivu alioutamani miezi minane, na haukumpa raha hata chembe. Alijifungia chumbani na mpakato wake. Aliacha habari za rangi, akaacha mistari ya vitufe, akapambana na sauti peke yake. Kwenye jukwaa la wale wajenzi wasiojuana, mtu aliyejiita Kobe alikuwa amemjibu: kuna kipande kimoja hujakipakia kwenye mashine hiyo, anza nacho. Mstari mmoja tu. Miezi yote ile, mstari mmoja! Alicheka kwa hasira, akauandika.

Jumapili saa tisa alasiri alitoka chumbani, akaisukuma pembeni meza ya dubwasha, akauweka mpakato mapajani mwa baba yake.

“Nisamehe, baba,” alisema. “Jaribu.”

Mama aliacha sufuria jikoni, akaja kusimama nyuma yao.

Baba alikikagua kioo kipya juu mpaka chini, kwa jicho la fundi. Tangu kiharusi cha miaka tisa iliyopita, ulimi wake haujawahi kutamka neno hata moja. Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto, kile kimoja kinachomtii, akabonyeza kitufe.

“Rangi mbaya,” ikasema kompyuta.