Mlango wa Salha

Sheria inataka kila mlango umjibu yeyote anayeuliza habari za waliomo ndani. Asubuhi jirani yangu, Mama Shani, alikuja kuazima chekeche la unga. Badala ya kupiga hodi, akauuliza mlango wangu kama binti yangu Salha nimemzaa mwenyewe.

"Hapana," mlango ukamjibu kwa adabu, kwa sauti kubwa. "Aliasiliwa akiwa na miezi minne."

Salha alisikia, akaingia chumbani kwake, akafunga. Nikampa Mama Shani chekeche bila kumkaribisha. Habari hiyo ni ya Salha, Mama Shani inamhusu nini? Watu wamekosa haya kabisa.

Kisha nikausogelea mlango wa chumba cha Salha, nikaunong'oneza, "Analia?"

"Analia," mlango ukajibu kwa sauti ileile.



"Mama," Salha akasema, "na wewe umeshindwa kupiga hodi?"