Gauni Namba Tatu

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, mwalimu wa useremala alilala kifudifudi sakafuni na kupima pindo la gauni Namba Tatu kwa rula yake ya chuma.

"Halijapinda hata unywele," alisema. "Ningekuwa natengeneza milango namna hii, ningelala usingizi mtamu mwaka mzima."

"Andika, usiseme," mwalimu wa ushonaji alimkatiza. "Ukisema nitasikia, na nikisikia nitakuiga."

Magauni matano ya harusi, meupe pe, yalisimama kwenye sanamu zake katikati ya karakana. Hayakuwa na majina, namba tu. Majina yalikuwa kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi, ofisini kwa mkuu wa chuo. Wanafunzi watano wa mwaka wa mwisho walipewa kitambaa cha aina moja, wiki sita, na vipimo vya mwili mmoja. Vipimo vya nani, hilo halikuwa swali la mtihani. Vigezo vilibandikwa ukutani tangu siku ya kwanza: vipimo alama ishirini, ukataji ishirini, mishono thelathini, umaliziaji thelathini. Hakuna ambaye angesema hakujua anatakiwa nini.

Mwalimu wa useremala hakujua tofauti ya satini na shuka la kitanda. Ndiyo maana alichaguliwa kuwa msahihishaji wa pili.

"Kama vigezo vyangu vimeandikwa sawasawa," mwenzake alikuwa amemwambia, "hata mtu wa misumari atafika pale ninapofika mimi."

Walisahihisha kigezo kimoja kwa magauni yote ndipo wakaenda kingine, na kila mzunguko walianzia gauni tofauti, ili mmoja asiumizwe na ukali wa mwanzo wala mwingine asifaidi uchovu wa mwisho. Kila mmoja aliificha karatasi yake kifuani kama mcheza karata.

Mlango ukagongwa. Mkuu wa chuo akachungulia, jasho likimtiririka.

"Jamani, ukumbi umejaa! Wanauliza mmefikia wapi."

"Mishono," walijibu kwa pamoja.

"Mishono!" Mkuu alishika kichwa, akaondoka mbio.

Mwalimu wa useremala alitazama saa. Alikuwa amenyoa vizuri, viatu vinang'aa, na tangu alfajiri alikuwa akicheka ovyo kila anapodondosha kitu.

"Si tuchukue lolote tu? Yote mazuri."

"Rudia neno hilo uone kama nitakusemesha mwaka huu."

Alicheka tena. Mwalimu wa ushonaji aliuma mdomo asije naye akaangua kicheko.

Hatimaye waliweka karatasi zao mezani. Kwa magauni manne, alama zao zilitofautiana kwa mbili, tatu tu. Namba Tatu lilikuwa balaa: mwanamume aliliwekea tisini na moja, mwanamke sabini na nne. Na walikwisha kubaliana kwamba tofauti ikizidi tano, hakuna kugawana katikati kabla ya kurudi kwenye gauni lenyewe.

"Umekata kumi na mbili kwenye mishono," alisema mwalimu wa useremala. "Haya, nionyeshe mshono mbovu."

Mwalimu wa ushonaji aligeuza gauni ndani nje. Akavaa miwani. Akavua miwani. Uso ukamshuka.

"Hakuna," alisema kwa sauti ndogo. "Huu mshono wa kurudia mara mbili nilimfundisha mtoto wa dada yangu, nyumbani kwangu. Nilipouona tu nikajua kazi ni yake. Nikaogopa watu watasema nimempendelea. Nikambana."

"Basi huo ni upendeleo uleule, Mwalimu. Umeugeuza tu ndani nje."

Mwalimu wa ushonaji alifuta alama zake zote za Namba Tatu. Akaanza upya, kidole kwenye karatasi ya vigezo, mstari kwa mstari, kama vile hajawahi kuwa na dada. Alipomaliza alikuwa na tisini.

"Namba Tatu la kwanza!" mwalimu wa useremala alipiga kelele, akaangusha rula.

Mkuu aliletewa habari, akaja na bahasha, akaichana hapo hapo mlangoni. Alisoma, akasoma tena.

"Bandeji!"

Bandeji alikuwa mama wa watoto wanne aliyerudi darasani ukubwani. Walimpa jina hilo kwa sababu hapakupita kipindi bila kujichoma sindano. Alipoitwa aliingia akikimbia, vidole vitatu vimefungwa plasta, na nyuma yake akirukaruka yule mtoto wa dada wa mwalimu wa ushonaji.

"Mshono wa kurudia nilimfundisha mimi!" binti alishangilia.

"Na wewe je?" mwalimu wa ushonaji alimuuliza.

"Mimi Namba Tano, mama mdogo. Muda uliniishia, nikauruka!"

Karakana nzima iliangua kicheko, na mwalimu wa ushonaji akacheka mpaka akajishikiza kwenye cherehani. Kisha akamshika Bandeji mabega.

"Tisini na nusu. Mishono sina la kusema. Zipu umeificha mno, mtu anaitafuta kwa kupapasa. Safari nyingine iache ichungulie kidogo."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Bandeji, machozi yakimdondoka, akirudi nyuma asije akalowesha kitambaa.

"Sasa livue kwenye sanamu, taratibu."

Mlango ulipogongwa tena, hakuna aliyeitikia. Mwalimu wa ushonaji alikuwa akifungua vifungo vya koti lake la kazi.

"Wewe toka nje," alimwambia mwalimu wa useremala. "Nenda mbele ukasimame na mashahidi wetu, na ukiulizwa kama unanikubali, usijibu kwa alama."