Goti la Shomvi

Tantali iliyobaki, yale madini adimu, haitoshi simu wala magoti ya bandia, kwa hiyo siku hizi hakuna anayezikwa nayo. Ukifa, goti lako la tantali hutolewa, akawekewa mgonjwa mwingine, maana mwili wa yeyote huikubali. Sheria iliishia hapo. Sisi wafiwa ndio tulioongeza desturi: aliyelipokea aje kutusalimu siku ya arobaini.

Mgeni wangu anaitwa Makoye. Niliposikia hatua zake ukumbini, mguu wa kulia ukiburuzwa kidogo, niliinuka kumpokea Shomvi, mume wangu. Akaingia kijana mwenye haya.

Nilimmiminia chai. Nikamuuliza jina tantali limetoka wapi.

“Kwa mfalme wa hadithi za Wagiriki, mama. Alisimamishwa majini akiwa na kiu. Kila akiinama anywe, maji yanakimbia.”

“Maskini,” nikasema. “Goti linakuuma mvua ikikaribia? Shomvi lilikuwa likimsumbua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda.”

“Haliumi, mama.”

Hata hivyo nikanyoosha mkono, polepole, kama zamani. Makoye akatabasamu kwa adabu, akauvuta mguu wake chini ya kiti.