Waridi la Kesho

Kamera za siku hizi hupiga kitu kitakavyokuwa kesho, saa hiyo hiyo. Ndiyo maana mimi huwaambia wasomaji wa blogu yangu ya maua: tafuteni mwanga wa dirishani, pigeni waridi likiwa bado tumba, kisha picha izungushieni nakshi za majani.

Leo asubuhi binti yangu Raziki, mwenye mimba ya miezi saba, alikaa kando ya chungu changu cha waridi, lililokuwa bado tumba.

"Mama, nami nipige."

Nikapiga. Kwenye kioo cha kamera waridi lilikuwa limechanua, na Raziki amepakata kichanga kidogo kama papai, macho wazi, kinanitazama mimi. Subhanallah!

"Nimetokaje?"

"Umependeza, mwanangu."

Kabla sijamwonyesha, nikafungua sanduku na kutoa kanga kuukuu, zile laini.