Sanduku Lisilojaa

Ognyan alilimwagia sanduku la barua ndoo nzima ya maji, kisha akalipiga teke. Halikutikisika. Akafungua kijimlango cha chini, akatoa gazeti, akampa mama yake alishike.

"Kavu?"

"Kavu," alisema Bibi Velika. "Hata jeneza la baba yako halikutengenezwa vizuri hivi."

Metodi, tarishi wa posta, alicheka mpaka mkoba ukamteleza begani.

Sanduku lilisimama kando ya barabara, pale zilipoanzia ngazi za mawe za kupanda kwa bibi. Nyumba yenyewe haikuonekana, misonobari iliificha. Mdomo wa sanduku ulikuwa kopo la mraba la jibini ya chumvi, lililokatwa na kukunjwa vizuri. Mwili wake ulikuwa bomba pana la maji taka, mabaki ya ujenzi, refu kama mtu mzima. Gazeti likitumbukizwa juu, linateleza hadi chini, mbali na theluji na mbali na mikono ya wezi. Lote liligharimu bei ya chupa moja ya rakia, pombe kali ya matunda, na lingeishi zaidi kuliko aliyeiuza rakia hiyo.

Meya alikuwa ameahidi: likistahimili majira ya baridi, vitongoji vyote vya mlimani vitawekewa la namna hiyo, na fundi atakuwa Ognyan. Kwa miaka miwili Ognyan hakuwa amepata kazi nyingine ila kuziba mifereji ya paa za watu.

"Na mimi nitashukaje ngazi hizi kukiwa na barafu?" aliuliza Bibi Velika.

"Polepole, mama. Miguu inataka mazoezi."

"Metodi akipanda, huniingizia kuni. Bomba lako litaniingizia kuni?"

"Bibi yangu," alisema Metodi, "magoti yangu yameniomba talaka. Nihurumie."

"Nikuhurumie! Na chai yangu ya mlimani unayokunywa, na kokwa zangu za jozi unazojaza mifukoni, magoti hayalalamiki?"

"Hayo hulalamika nikishuka, bibi. Mifuko inakuwa mizito."

Bibi Velika hakucheka. Ognyan alimwekea ufunguo kiganjani na kumkunja vidole. Kikongwe aliuchorea mkoba wa Metodi ishara ya msalaba, kama alivyofanya kila alipomuaga, akashika ngazi. Alipumzika kila baada ya hatua chache. Hakugeuka nyuma.

"Amenuna," alisema Ognyan.

"Atazoea. Nami nitamwangalia hapa hapa chini. Kwa wazee wanaoishi peke yao tuna desturi yetu: sanduku likijaa, tunapanda kugonga mlango. Lisipojaa, tunajua mwenyewe anashuka kuchukua vitu vyake."

"Basi mambo yamekwisha," alisema Ognyan, wakapeana mikono.

Hiyo ilikuwa wiki ya Mtakatifu Dimitri, siku ambazo watu wa huko hufunga zizi na kuanza kuhesabu kuni.

Theluji iliwahi. Gari la posta lilifika hadi kwenye sanduku, na hapo hapo likageuza. Kila Metodi aliporudi mjini, Ognyan alimngoja mlangoni pa posta.

"Vipi?"

"Linameza tu. Halijajaa hata siku moja."

"Nilikwambia! Huyo mama analalamika mdomoni, lakini miguu inafanya kazi."

Simu ya Bibi Velika iliita bila kupokelewa. Ognyan hakushangaa. Mwaka alipooa mwanamke ambaye mama yake hakumtaka, kikongwe alinyamaza mpaka Pasaka, kisha akaja na mayai mekundu kana kwamba hakuna lililotokea. Angekuja tu. Krismasi Ognyan alimwandikia kadi, na badala ya kuipeleka mwenyewe akampa Metodi aitumbukize sandukuni, ili mama aone jinsi chombo kinavyofanya kazi.

Machi ilipoingia, mji mzima ulijifunga mikononi nyuzi nyekundu na nyeupe za kutakiana heri. Za Ognyan na Metodi zilikuwa zikisokotwa kila mwaka na Bibi Velika. Safari hii mikono yao ilibaki mitupu.

"Ameninyima hata uzi," alisema Ognyan. "Moyo wake wa jiwe."

"Na mimi je? Mimi nimemkosea nini?"

"Wewe na magoti yako."

Theluji ilipoyeyuka, meya alikuja kwenye sanduku na mpiga picha, na Metodi naye akawapo. Ognyan alikuwa amenyoa na kuvaa koti lake la kanisani. Meya aliligonga bomba kwa fimbo, akapitisha kidole kwenye mkunjo wa kopo. Hapakuwa na kutu. Hapakuwa na ufa.

"Mama yako yuko wapi? Tungempiga picha pamoja nalo."

"Bado amenuna, mheshimiwa. Lakini ndiye aliyelitumia majira yote, na hajalalamika."

"Na ndani likoje?"

"Ndani ndiko uzuri wake uliko." Ognyan alitoa ufunguo wake wa akiba, akaufungua ule mlango mdogo.

Gazeti likaanguka. Likafuata jingine, na jingine, kisha kalenda ya kanisa, kisha kadi ya Krismasi, kisha magazeti tena, yakimiminika bila kukoma mpaka yakafunika viatu vya meya.

Meya aliinama akaliokota lile lililotangulia kuanguka. Lilikuwa la wiki ya Mtakatifu Dimitri. Alilipapasa ukurasa kwa ukurasa, akainua lingine, na lingine.

"Ajabu!" alisema, akimwonyesha mpiga picha. "Baridi yote ile, na hakuna hata moja lililoguswa na maji."

"Hakuna hata moja lililoguswa," alisema Metodi, akavua kofia.