Shahidi wa Bi Tabitha

Wakili Lusajo alikuwa ameishi kwa Bi Tabitha miezi kumi na minne. Ndivyo sheria ilivyotaka: wakili akilalamikiwa, anahamia kwa mlalamikaji na kumtumikia mpaka kamati ya nidhamu itoe uamuzi. Lusajo alikuwa amesahau tarehe ya kesi, na Bi Tabitha akapoteza shamba aliloachiwa na marehemu mumewe.

Mwanzoni mama huyo hakumsemesha. Alimwonyesha ndoo na shoka, basi. Siku hizi walikula pamoja, na Bi Tabitha alijua kwamba binti wa Lusajo alikuwa ameanza kutembea bila baba yake kuona.

Asubuhi hiyo walikuwa wakipukuchua mahindi uani karani wa kamati alipopiga simu.

“Mama, uamuzi uko tayari. Tuusome leo, wakili arudi kwake?”

Lusajo aliacha kupukuchua. Bi Tabitha alikumbuka nyumba ilivyokuwa kabla Lusajo hajaja, siku nzima ikisema redio tu.

“Msiusome bado,” alisema. “Nina shahidi mwingine.”

“Sawa, mama. Basi itakuwa miezi sita tena.”

Simu ikakatika. Lusajo alijua hakuna shahidi, maana faili lote alilisoma mwenyewe. Lakini sheria haikumpa mlalamikiwa nafasi ya kupinga.

“Utanisamehe, mwanangu,” Bi Tabitha alisema.

Lusajo alichukua hindi jingine akaendelea kupukuchua, na mama akasogeza kigoda chake karibu naye.