Sauti za Mnara wa Taa

Katika bandari ya Mkunguni, mtunza taa akifa, sauti yake huhamishiwa mnarani iendelee kuongoza vyombo. Mtunzaji wa kale zaidi, aliyewahi kuiwasha taa kwa mafuta, siku hizi hutaja miamba tu. Hata jina la mkewe limemtoka kichwani.

Mwanakheri hushukuru. Marehemu mumewe, mtunza taa wa miaka ya baadaye, ndiye anayemwingiza bandarini mtoto wao, nahodha Shee, na kila chombo hukiuliza kama alivyozoea: "Mmekula?"

Jioni hii Shee aliingia, akanawa mikono.

"Baba kakufikisha salama?"

"Salama, mama. Kaniuliza kama nimekula. Halafu kaniuliza mimi ni mtoto wa nani."

Mwanakheri alimpakulia wali, akamwongezea mchuzi.

"Alhamdulillahi, miamba bado anaijua," alisema. "Kesho ukipita, mwambie wewe ni mtoto wa nani."